Koti Lililooa Mara Tatu

Jana alasiri koti lilirudi. Lilipanda ngazi za chumba cha juu likiwa begani kwa Haji, na kabla sijamtazama Haji mwenyewe, mtu ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka tisa, macho yangu yalikwenda kwenye mshono wa kwapa la kushoto. Najua ni aibu kuandika hivyo. Rafiki yako anarudi kutoka nchi ya baridi, amenenepa kidogo, ndevu zimeanza kuchanganyika na mvi, anatabasamu mlangoni pako, nawe unatafuta kasoro kwenye nguo. Lakini nimejiahidi kwamba hapa nitajisema nilivyo. Mimi ni mtu wa kuona kasoro kwanza. Nikifunga mlango, hushuka ngazi nusu, nikapanda tena kuuvuta nione kama kweli umefungika. Ijumaa hii naoa, na wiki nzima kanzu yangu mpya imening'inia mbele ya kitanda changu, nami nimelala nikiitafutia kosa. Haji alilitandaza koti juu ya meza ya kukatia, akalipiga kofi dogo kama mtu anayemuaga mnyama wake, akasema, "Zamu yako, bwana." Kisha akashuka kwenda kumwamkia Bi Tatu. Nikabaki peke yangu na lile koti, mikono yangu haina kazi, na mwaka ule mzima ukaingia chumbani pamoja na harufu yake.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nafanya kazi kwa Bi Tatu, katika chumba hiki hiki, kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe ambamo pikipiki mbili zikikutana lazima moja irudi nyuma. Bi Tatu alikuwa akiuza makoti ya kiume ya mtumba. Mtu akisikia hivyo hucheka kwanza. Kisiwa ambacho shati jepesi hukugandia mgongoni asubuhi mapema, nani atake koti la sufu? Lakini Bi Tatu aliona njia. Marobota ya nguo hununuliwa yamefungwa. Mfanyabiashara wa Darajani hununua asichokiona, kisha hukata kamba mbele za watu huku akimwomba Mungu humo mtoke mashati na fulana. Likichomoza koti la baridi, zito kama godoro, wenzake humpa pole. Mkosi wa robota, ndivyo walivyoliita. Bi Tatu akawa mtu wa kuchukua mikosi ya watu. Walimletea wenyewe, wakifurahi kupunguza mzigo, naye akayapandisha huku juu, akayapigisha pasi, akayauza kwa watu wa namna mbili: wanaosafiri kwenda kwenye baridi, na mabwana harusi wanaotaka koti la kuvaa juu ya kanzu. "Mazito wasafiri, mepesi maharusi," alikuwa akiniambia, na hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yote ya duka.

Ushoni sikuusomea. Nilijifunza kwa kufumua. Koti likija limechoka kiasi cha kutouzika, Bi Tatu alinipa, nami nililifungua mshono kwa mshono mpaka likawa vipande mezani, kisha nikajaribu kulirudisha lilivyokuwa. Mengine niliyapata kwenye simu, kwa mafundi wa mbali ambao lugha zao sikuzijua lakini vidole vyao nilivielewa. Nilijua tundu la kifungo lililoshonwa kwa mkono na lililopigwa kwa mashine. Nilijua vifungo vya pembe na vya plastiki kwa kuvigusisha kwenye jino. Nilijua lebo za mafundi wakubwa wa Italia na Uingereza, na namna lebo ya uongo inavyoshonwa kwa haraka, kama mtu anayetaka kuondoka kabla hajaulizwa. Bi Tatu aliniita Bwana Lebo, na hakuwa akinisifu. "Bwana Lebo," alikuwa akisema, "mteja kangoja mpaka kaota ndevu, na wewe bado wanyoosha mkono wa koti. Mkono mmoja huo!" Nami nilikuwa nikijibu, "Naam, Bi Tatu," nikaendelea kuunyoosha.

Nakumbuka chumba kuliko ninavyokumbuka watu. Boriti za dari zilikuwa nyeusi kwa uzee, na makoti yalining'inia humo safu kwa safu, mabega mapana, vichwa hayana, kama wageni waliokuja msibani wakakosa pa kukaa. Alasiri upepo ulipopenya dirishani mikono yao ilijaa, ikainuka kidogo, ikashuka. Nilipenda kukaa kati yao. Nilitia mkono mifukoni mwao nikakuta vitu vya ulimwengu mwingine: jani jekundu lililokauka, glavu ya mkono mmoja, tikiti ya treni ya mji ambao sikuweza kuutamka. Nilimwaza mwenye glavu ile. Nilimwona akitembea mahali pa weupe na ukimya, mkono mmoja una joto na mmoja hauna, na nikajikuta nimekaa nusu ya asubuhi bila kushona hata pindo moja. Chini, barazani, watu walikuwa wakinywa kahawa na kugombana juu ya mpira, na sauti zao zilinifikia kama zinatoka kwenye maji.

Haji alikuwa mpishi katika hoteli moja kwao Matemwe. Siku yake ya mapumziko alikuja mjini, na hakuja mikono mitupu. Alileta mkate wa kumimina uliofungwa kwa kitambaa, au pweza wa nazi ndani ya kopo la siagi, nasi tulikula sakafuni, mbali na sufu, kwa sababu nilikuwa nikiogopa mafuta kama wengine wanavyoogopa moto. Mwaka ule alipata nafasi katika chuo cha mapishi, nchi moja ya kaskazini ambako, alivyoambiwa, jua la Januari hutoka kama mgeni asiyetaka kukaa. Alinipa habari ile huku akijilamba vidole.

"Sasa mwenzangu, ntahitaji koti," alisema. "Pale Darajani kuna jamaa analo moja la nailoni, lina kofia na manyoya. Nikilivaa nafanana na paka aliyelowa, lakini joto linatia."

"Usinunue," nilimwambia.

"Kwa nini?"

"Niachie mimi. Ntakutafutia koti la haki."

"Wallahi wewe utanitafutia mpaka nizikwe."

Alicheka, lakini hakununua. Aliniamini, na hapo ndipo yalipoanza. Kila koti lililopanda ngazi nililitazama kwa macho ya Haji, nikalikataa. Hili bega limeanguka. Lile nondo wamelitoboa chini ya ukosi, tundu dogo ambalo hakuna ambaye angeliona ila mimi. Jingine lilikuwa zuri kila mahali lakini bitana yake imebadilishwa na fundi mvivu. Haji alikuja wiki kwa wiki, akajaribu, akasema, "Hili linanitosha," nami nikamvua. Mvua za vuli zikaja zikapita. Siku ya safari ilikuwa imeshapangwa, mwanzoni mwa Januari. Leo nikijitazama naona jambo ambalo wakati ule nilikuwa nalijua pembeni, kama mtu anavyojua kwamba kuna ngazi gizani. Koti likipatikana, Haji ataondoka. Hakuna mtu aliyekuwa akinizuia kulipata. Nilikuwa najizuia mwenyewe, kwa sababu za kifundi kabisa, na sababu za kifundi hazina mwisho.

Kisha likaja. Jamaa mmoja wa Darajani alilipandisha akihema, akalitupa mezani. "Chukua gunia lako," alisema. Lilikuwa rangi ya ngamia, refu mpaka chini ya magoti, sufu tupu, laini kama shingo ya mtoto wa paka. Vifungo vinne vya pembe, kila kimoja na mawimbi yake. Lebo ilikuwa ya fundi ambaye nilikuwa nimemwona kwenye simu tu, na ilikuwa ya kweli, nyuzi ndogo ndogo, pembe kwa pembe. Nililigeuza ndani nje. Nilitafuta kasoro kutwa nzima. Sikuiona. Nakumbuka niliogopa, nikaketi, kwa sababu sikuwa nimewahi kuwa chumba kimoja na kitu kisicho na kosa.

Sikumwambia mtu. Nilimwomba Bi Tatu aniachie koti lile kwa kazi yangu ya mwezi, akasema, "Lichukue, nani atalitaka," wala hakuuliza la nani. Haji mwenyewe sikumwambia, maana nilitaka alione limeshapigwa pasi, limetiwa kwenye mfuko wake, siku ya mwisho. Alasiri moja, peke yangu, nililiweka mabegani bila kutia mikono, nikasimama mbele ya kioo. Nilitaka kuona linavyoshuka tu. Huo ndio uongo niliojiambia. Nilitaka kujiona mimi. Na hivyo ndivyo Suleiman, mtoto wa dada yake Bi Tatu, alivyonikuta alipokuja kutafuta koti la harusi yake.

"Alaa!" alisema. "Joho gani hili?"

Nilimwambia si joho, ni koti la baridi, mtu hulivaa kwenye theluji. Hakunisikia. Alizunguka nyuma yangu, akashika pindo. Majoho ya maharusi kwetu huwa meusi yenye nakshi ya dhahabu pembeni, na kila mtu amekwisha kuyaona. Hakuna aliyewahi kuona joho la rangi ya ngamia.

"Shangazi! Njoo uone!" aliita, na Bi Tatu, ambaye kwa kweli ni mama yake mdogo lakini wote pale walizoea kumwita shangazi, akapanda ngazi.

"Utakufa kwa joto," alimwambia.

"Saa moja tu, shangazi. Msikitini, kwa bibi harusi, basi."

"Bwana Lebo anasemaje?"

Nilisema lina mwenyewe. Bi Tatu akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyesema upepo una mwenyewe. "Mwanangu," alisema, "nguo ya harusi haina mwenyewe, ina zamu. Mwazime, Jumapili litarudi." Na desturi ndiyo hiyo. Joho la fulani huoa na fulani, akishaoa linakwenda kwa jirani, likachafuka, likasafishwa, na hakuna anayekataa kuliazima, kwa sababu kumnyima bwana harusi nguo ni kumwombea mabaya. Ningeweza kusema ni la Haji. Ulimi ulikataa. Ningesema ni la Haji, siri yangu ingekwisha, na zawadi isiyo na kosa ingekuwa tayari na kosa moja.

Usiku wa kuamkia harusi walilifukiza. Bi Tatu aliwasha mkaa katika chetezo, akatia udi, akafunika kitenga cha fito, akalitandaza koti juu yake, na moshi ukapanda kupitia bitana ukatokea mikononi, kama kuna mtu mnene asiyeonekana aliyelivaa. Nilisimama mlangoni nikitazama. Shati ukilifukiza leo, kesho kutwa harufu imekwenda. Sufu haisahau. Nilijua harufu ile haitatoka tena. Na bado, nilipomwona Suleiman anatoka msikitini, kanzu nyeupe, kilemba, na lile koti likimshuka kutoka mabegani taratibu, jasho likimtiririka na uso wake unang'aa, watu wote kichochoroni walikuwa wamegeuka kumtazama. Niliona kwamba koti lile lilikuwa zuri zaidi kuliko lilivyokuwa chumbani, na jambo hilo likanikera.

Jumapili halikurudi.

"Limekwenda Kizimbani," alisema Bi Tatu, akimenya ndizi.

"Limekwendaje Kizimbani?"

"Kwani koti lina miguu? Kalichukua Othmani, rafiki yake Suleiman. Kaoa jana."

Ilikuwa mwisho kabisa wa Disemba, watu wa ng'ambo wamerudi likizo, na harusi zilifuatana kama shanga. Nilichukua vespa ya Bi Tatu nikaondoka. Othmani alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la serikali la viungo, na nyumba ya harusi ilikuwa ukingoni mwa mikarafuu, hewa yake tamu na kali mpaka unaihisi kwenye meno. Mwenyewe alikuwa amelala. Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa akiosha masufuria ya harusi, alinikaribisha ukumbini akaniletea sahani ya biriani iliyobaki na chai ya mchaichai, wala hakutaka kusikia kwamba nina haraka. Nilikaa nikila, na nyuma ya pazia wanawake walikuwa wakizungumza.

"Basi alipoingia ndani jasho linamtoka, shoga, mie nikadhani kaogopa."

"Si kaogopa kweli?"

"Si hofu, ni lile koti! Bibi harusi kamgusa mgongoni, mkono ukarudi umelowa. Akasema, mume wangu, umetoka kuoga?"

Walicheka mpaka mmoja akakohoa. Kisha sauti nyingine, ya mtu mzima zaidi, ikasema polepole, "Lakini alipendeza. Mie nimeona maharusi wengi. Yule alipendeza kama mtu wa ndotoni." Nikanawa mikono, biriani haijaisha.

Koti lilikuwa limeshakwenda. Ndugu wa bwana harusi mwingine alikuja kulichukua asubuhi ile, akaelekea Matemwe. Kilichobaki Kizimbani kilikuwa habari tu: kifungo kimoja kilikatika wakati watu wanakumbatiana, kikaanguka uani, na kuku wameshapita. Nilitafuta kwenye mchanga, magoti chini, mpaka yule mama akaniambia niache, kifungo ni riziki ya ardhi. Na akanieleza, kama mtu anayetoa habari njema, kwamba walitia karafuu mifukoni mwa koti ili nondo wasilisogelee.

Nilifika Matemwe mchana. Nilikuta vyungu vimewekwa chini ya kivuli cha turubai, na kati ya moshi, na mwiko mrefu kama kasia mkononi, alikuwapo Haji. Kwa kweli nilikuwa sijalifikiria hilo. Anayeoa alikuwa jirani yao, na nani mwingine angepika?

"Umekuja kunisaidia au kula?" aliuliza. "Njoo kwanza, nikuonyeshe kichekesho."

Alinishika mkono akaniingiza ndani. Koti lilikuwa limetundikwa kwenye msumari wa mlango, likingoja swala iishe. "Tazama," alisema. "Watu wazima, akili zao timamu, wanataka kumvisha Makame hili blanketi. Jua hili!"

Nililisogelea. Udi ulikuwa umeingia mpaka ndani ya nyuzi. Kwenye bitana palikuwa na alama ya hina, vidole vitatu, vya bibi harusi wa mjini ambaye hina yake haikuwa imekauka vizuri. Kifungo cha pili hakipo. Karafuu zilikwaruza mfukoni. Nilihisi machozi yanakuja, na nikageuka ukutani.

"We, vipi?" Haji alishusha sauti. "Unalilia koti?"

"Lilikuwa lako," nilisema. "Nilikutafutia wewe. Lilikuwa halina kosa hata moja, Haji. Nilitaka ulipate halina kosa."

Nje mtu aliita kwamba wali unaungua, naye hakwenda. Alilitazama koti juu mpaka chini, kama mtu anayetambulishwa kwa mkwe.

"Kwa hiyo wa mjini alivaa koti langu?"

"Naam."

"Na wa Kizimbani?"

"Alilivaa."

"Na sasa hivi Makame analivaa."

"Ndiyo."

Uso wake ulianza kufunguka. "Basi mie nshaoa mara tatu," alisema, "na hata mke mmoja sina!" Akacheka, akaegemea ukuta akicheka, na nilipomwambia kwamba naweza kulisafisha, nitatafuta kifungo cha kufanana, nipe wiki mbili tu, aliniwekea mkono wake wenye masizi begani. Alisema maneno ambayo sikutaka kuyasikia, na aliyasema kwa upole sana. "Nnaondoka kesho kutwa. Ukilifumua wewe, ntakwenda na shati."

Makame aliolewa nalo, nataka kusema alioa nalo, na alasiri Haji akaliweka kwenye mfuko wa plastiki akanipa nirudi nalo mjini. Nilikaa nalo chumbani siku nzima iliyofuata. Kifungo cha pembe chenye mawimbi yale hakipatikani kisiwa kizima. Mwisho nilichukua kipande cha kifuu, nikakisugua kwenye jiwe mpaka kikaviringana, nikakitoboa kwa msumari wa moto, nikakishona. Kilikuwa cheusi zaidi kuliko wenzake, na upande mmoja mnene kuliko mwingine. Nilikishona nikakikata, nikakishona nikakikata, kisha saa ya kwenda uwanja wa ndege ikafika na kikabaki kilipokuwa.

Pale uwanjani Haji ilibidi alivae, maana begi lake lilizidi uzito. Watalii wamevaa kaptura, wanajipepea kwa pasipoti, na Haji yuko katikati yao amefunga vifungo vyote vinne, jasho linamdondoka puani. Tuliagana kwa haraka na vibaya. Nilikuwa nimeandaa maneno, nimeyapanga na kuyapangua wiki nzima, na nilipofungua kinywa nikamwambia, "Usilitundike kwenye msumari, litatoka kinundu mgongoni." Akasema, "Sawa, Bwana Lebo." Nilimwona anaingia mlangoni, mgongo wa rangi ya ngamia ukififia nyuma ya kioo, na harufu ya udi ikabaki pale nje kwa muda, mpaka mtu mmoja akapita akageuka kutafuta harusi iko wapi. Niliporudi nililala kwenye sakafu ya chumba hiki, chini ya makoti. Nilikuwa na hakika kwamba nimempeleka mtu nchi ya ugeni akiwa amevaa makosa yangu.

Miaka tisa niliyabeba mawazo hayo, na jana, baada ya chakula, nilimwuliza. Tulikuwa tumekaa barazani kwa Bi Tatu, sahani ya visheti katikati yetu. Haji alifikiri. Alisema mwaka wa kwanza hakuwa na mtu. Alikuwa anakaa katika chumba chenye dirisha moja linaloangalia ukuta, na jioni anarudi kutoka jikoni, anajifunika koti, anatia pua ndani ya ukosi. "Nilikuwa nakwenda harusini," alisema. "Kila siku. Harusi tatu, bila kualikwa." Na kifungo? "Watu wa kule waliniuliza habari ya kifungo kile kimoja. Vile vitatu hakuna aliyeviuliza."

Nilisukuma sahani ya visheti upande wake.

Leo asubuhi tuko chumbani. Ile kasoro niliyoiona kwanza ni kwapa la kushoto. Lilifumuka kule, na Haji alilishona mwenyewe, kwa uzi wa jikoni, ule mweupe mnene wa kufungia nyama, mishono mirefu, imepinda kama njia ya kaa mchangani. Bi Tatu, ambaye siku hizi hupanda ngazi akipumzika kila kidato, aliuona mara moja.

"Na huu nini? Umemfunga kuku?"

"Nyama ya ng'ombe, Bi Tatu," alisema Haji. "Sufu nzito ile, uzi wa kuku ungekatika."

"Aibu! Keshokutwa watu wote wanatazama. Bwana Lebo, chukua mkasi ufumue hapo, ushone kama mtu aliyefunzwa."

Nilichukua mkasi. Mkono wangu unajua kazi hiyo kuliko kitu chochote duniani, ncha inaingia chini ya uzi, unainua, unakata, na kitu cha mtu mwingine kinakuwa vipande ulivyovizoea. Ncha iliingia. Nilimwona Haji kwenye kitanda chake kule, mbele ya ule ukuta, na sindano aliyoazima kwa mtu, mpishi mwenye vidole vinene, akishona nguo niliyompa ili isimwache. Nilitoa mkasi nikauweka mezani.

"Acha," nilisema.

Bi Tatu alinitazama sana. "Unaumwa?"

"Siumwi, Bi Tatu."

"Basi washa mkaa," alimwambia Haji. Udi ulipoanza kutoa moshi, sauti ya mwanamke ikapiga hodi kutoka chini. Alisema wamesikia koti limerudi, na mdogo wake anaoa Mkokotoni mwezi ujao, je, wanaweza kupata zamu? "Mwacheni huyu aoe kwanza!" Bi Tatu alijibu, na Haji akaliinua koti kutoka kwenye kitenga, likiwa bado na joto, akaliweka mabegani mwangu. Sikutia mikono. Lilikuwa zito kuliko nilivyokumbuka. Jasho lilianza kunitoka hapo hapo, nami nikapeleka kidole chini ya bitana, nikaupapasa ule mshono mpaka mwisho wake, kwenye fundo. Lilikuwa fundo baya, kubwa, la mtu asiyejua, na lilikuwa limeshika.